Mnaowanunulia watoto roketi za kujenga, angalieni mikono yao kwanza sio picha ya boksi

Mhariri, salaam sana.

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Najua hii ni ndefu, na ikibidi kukatwa basi ikatwe, ila pale nilipoandika habari za ndege na injini naomba pabaki kama palivyo mana hapo ndo kuna hatari yenyewe.

Mimi ni Mtanzania, naishi Colorado huku Marekani, na huku kurusha roketi ndogo za karatasi zenye injini ndogo ya baruti ni mchezo wa familia kabisa, wikendi ikiwa haina upepo unakuta wazazi na watoto wapo uwanjani, na hata Estes, kampuni inayojulikana zaidi kwa kutengeneza hizi seti, ipo humuhumu Colorado, kamji kanaitwa Penrose, imekuwa hapo tangu 1961. Sasa kila ikikaribia Disemba sisi tunaorudi nyumbani tunaanza kuulizana mpwa apelekewe nini, mjukuu apelekewe nini, na siku hizi wapo wanaochagua seti ya roketi, jambo ambalo kwa kweli nalifurahia sana, mtoto wa Tabata au wa Kisauni akijenga kitu kwa mikono yake kikapanda mita mia kikarudi chini na parashuti, huyo ukimfundisha fizikia baadae anakusikiliza. Tatizo ni tunavyochagua. Tunachagua kwa picha.

Mtu anaingia dukani anaona Saturn V, ile iliyowapeleka watu mwezini 1969, ya skeli ya moja kwa mia, yaani imepunguzwa mara mia, ikisimama ina kama sentimita 110, anasema hii hii ndo yenyewe, hela sio shida. Inafika nyumbani, boksi linafunguliwa sebuleni watu wote wamekaa, na ndani hamna roketi. Ndani kuna mabomba ya karatasi, kuna shiti za plastiki nyembamba zenye mikunjo ambazo inabidi uzikate kwa wembe alafu uzizungushe kwenye bomba zikutane sawasawa bila kuacha nafasi, kuna karatasi za kukunja ziwe koni, kuna kamnara kembamba ka pale juu kabisa ambako hata mtu aliyejenga roketi nyingi akifika hapo anazima redio. Mtoto wa miaka kumi na mjomba ambaye hajawahi kushika msasa wanaanza kwa furaha, wanafika katikati, gundi imeshachafua plastiki, mstari umeenda upande, boksi linapandishwa juu ya kabati na hapo ndo mwisho wa habari. Mtoto anabaki akiamini hayo mambo hayawezi, wakati yeye hana kosa lolote, kapewa kazi ya mwaka wa tano siku yake ya kwanza.

Kwaiyo ninachoomba kwa wasomaji wako ni kitu kimoja tu, kabla hujanunua jiulize huyo mtoto na huyo mtu mzima atakayekaa nae mezani wameshajenga nini na mikono yao, alafu chagua seti yenye kitu kimoja kipya kwao, sio vitano.

Na hapa watu wanachanganya, uzoefu sio lazima uwe wa roketi. Mtoto anayetengeneza magari ya waya, au anayetengeneza tiara mwenyewe kwa njiti na karatasi akaliongezea mkia mpaka likatulia hewani, huyo ana uzoefu mkubwa kuliko anavyodhani mjomba wake wa Denver, mana ameshajua kukata kwa kipimo, ameshajua gundi inataka subira na ameshajua kitu kinachoruka kikiwa na uzito mahali pasipofaa kinapinduka. Huyo anaweza akaivuka hatua ya kwanza. Na kama nyumbani kuna fundi seremala, hata kama ni jirani tu, basi mbao ya balsa haiwasumbui kabisa, ni laini mpaka unaikata kwa kisu cha wembe. Ila kama nyumba nzima hamna mtu aliyewahi kubandika kitu zaidi ya bahasha, hapo lazima muanzie chini na hakuna aibu yoyote.

Umri ulioandikwa kwenye boksi ni mambo ya usalama, usiuchukulie kama kipimo cha ugumu wa kazi. Ugumu umeandikwa sehemu nyingine kwenye boksi hilohilo. Zamani Estes waliandika namba, 1 mpaka 5, siku hizi wanaandika maneno kuanzia seti za wanaoanza, wa kati, mpaka za mabingwa, na kuna zile ambazo zimeshaunganishwa kiwandani, unatoa kwenye boksi unarusha. Hizo zilizounganishwa tayari mimi sizipendi sana kwa zawadi, mana mtoto hajengi chochote na ikivunjika hajui kuirudisha, lakini kwa bibi anayetaka kumfurahisha mjukuu wa miaka sita jumapili moja zinatosha.

Kama mnaanza kabisa, tafuteni seti ambayo mapezi yake ya nyuma ni ya plastiki yaliyokuja pamoja kama kitako kimoja, unakichomeka tu kwenye bomba. Mfano mzuri ni Alpha III ya Estes, iko sokoni tangu miaka ya 70, ina urefu wa sentimita 31 hivi, na watoto wa shule huku wengi wameanza na hiyo. Uzuri wa kitako cha plastiki ni kwamba mapezi yananyooka yenyewe, na mapezi kunyooka ndo nusu ya kazi yote. Roketi ya aina hii haina usukani wala kompyuta, kinachoifanya iende juu isipinduke ni kwamba uzito wake umekaa mbele na mapezi yanashika hewa kule nyuma, sasa pezi moja likikaa upande roketi inazunguka au inachora duara, na mapezi yakiwa madogo mno au pua nyepesi mno inageuka inarudi kwa watu. Seti ya kiwandani hiyo hesabu wameshakufanyia, usibadilishe umbo mpaka ujue unafanya nini. Alpha III unaimaliza mchana mmoja, sehemu ngumu ni kubandika ile kamba ya mpira inayoshika pua na bomba visiachane, nayo ukifuata mchoro haiachii.

Ya pili, au ya kwanza kwa yule mtoto wangu wa tiara, iwe na mapezi ya balsa ya kubandika mwenyewe moja moja. Hapa naipendekeza Big Bertha kwa moyo wangu wote. Ni ya tangu miaka ya 60, ina sentimita 61, bomba nene la karibu sentimita 4, na kwa sababu ni nene inapanda taratibu, watoto wanaiona tangu inaondoka mpaka inafunguka, tofauti na zile nyembamba ambazo zikiwashwa unasikia tu mlio alafu watu wote wanaulizana imeenda wapi. Bomba nene pia linakubali vidole vya mtu mzima, na parashuti linaingia bila kugombana.

Nieleze kidogo kubandika pezi mana hapa ndo seti nyingi zinapokufa. Kwanza angalia mishipa ya mbao, ile mistari ya balsa lazima iende sambamba na ukingo wa mbele wa pezi, ikienda vinginevyo pezi linavunjika siku ya kwanza likigusa ardhi. Seti nyingi mapezi yanakuja yameshakatwa kiwandani vizuri, wewe unapiga msasa tu mpaka kingo ziwe laini, ila ukingo utakaobandikwa kwenye bomba uache bapa usiuviringishe. Alafu unachora mistari kwenye bomba, na mistari iwe imenyooka, kuna njia rahisi sana, laza bomba kwenye kona ya fremu ya mlango, ile kona inakuwa rula yako, unapitisha penseli. Pale kwenye mstari kwaruza kidogo kwa msasa uondoe ule ung'aro wa karatasi mana gundi haipendi kitu kinachong'aa. Gundi iwe ile ya mbao ya kawaida, ya seremala, sio supa gluu. Unapaka kidogo kwenye pezi, unaligusisha kwenye bomba, unalitoa, unasubiri dakika chache likauke, alafu unapaka tena nyembamba na sasa unaliweka moja kwa moja, unalishika huku unalitazama kwa jicho moja kutokea nyuma. Ukifanya hivyo mara mbili linashika haraka kuliko ukimwaga gundi nyingi kwa mara moja. Likishakauka, kila upande wa pezi unapitisha mstari mwembamba wa gundi pale linapokutana na bomba, unaufuta kwa kidole uwe kama kamfereji, unalaza roketi ikauke ikiwa mlalo ili gundi isitiririke, upande mmoja leo upande mwingine kesho. Hiyo kazi ni ya jioni kadhaa, na mtoto akishaifanya mara moja vizuri amefungua mlango wa roketi nyingi sana.

Pua nayo ina lake. Inatakiwa ikae kwenye bomba isidondoke ukiigeuza roketi kichwa chini, lakini ukitikisa kidogo itoke. Ikibana sana baruti ya kufungulia, ile ndogo inayolipuka ndani kutoa parashuti, inashindwa kuitoa na roketi inakuja chini kama mkuki. Ikilegea unazungushia masking tepu mzunguko mmoja, unajaribu tena. Na mkumbuke rangi inaongeza unene, kwaiyo jaribuni baada ya kupaka rangi sio kabla.

Sasa injini. Mtu akinunua seti anafikiri injini yoyote inaingia ili mradi ukubwa ni uleule, hapana. Kila injini ina maandishi kama A8-3 au C6-5. Herufi ni jumla ya msukumo, A inaishia nyutoni-sekunde 2.5, B inaishia 5, C inaishia 10, D inaishia 20, yaani kila herufi ni mara mbili ya iliyotangulia. Namba ya kwanza ni wastani wa nguvu kwa nyutoni. Namba ya mwisho baada ya kale kamstari ni sekunde za kusubiri tangu injini imalize kusukuma mpaka baruti ndogo ilipuke ndani kutoa parashuti, na hii ndo wanaoanza hawaiangalii kabisa. Roketi nzito inataka sekunde chache kwa sababu inaishiwa mwendo mapema, ukiiwekea sekunde saba itakuwa imeshageuka inakimbilia chini wakati parashuti linatoka. Ukikuta namba ya mwisho ni 0, kama C6-0, hiyo haina muda wa kusubiri wala sio ya roketi ya kawaida, ni ya kipande cha chini cha roketi ya hatua mbili, kazi yake ni kuwasha injini ya juu yake. Muuzaji asiyejua anaweza kukupa hiyo kwa sababu tu ipo kwenye rafu. Nyuma ya boksi la roketi wameandika injini zinazofaa, moja wameitaja ya kurusha mara ya kwanza, nunua hiyohiyo, usivutiwe na C eti inapaa zaidi.

Kupaa zaidi ndo kupoteza roketi. Roketi ndogo kama Alpha III ikiwa na C6 inavuka mita 300, na parashuti likifunguka huko upepo kidogo tu unaibeba mpaka mtaa wa pili. Chama cha kitaifa cha wapenzi wa roketi cha huku, kilichoanzishwa 1957, kina kanuni za usalama na ndani yake kuna vipimo vya uwanja, injini ya A inataka uwanja ambao upande wake mfupi sio chini ya mita 30, B mita 60, C mita 120, D mita 150. Kwaiyo ukichukua uwanja wa mpira wa kawaida, ambao upana wake ni mita sitini na kitu, unaona wenyewe unakwambia ishia kwenye B. Mzazi mwenye uwanja wa mpira tu asinunue roketi inayotaka D hata kama anajua kujenga. Uwanja nao ni sehemu ya kuchagua seti.

Kanuni hizohizo zinasema usirushe upepo ukizidi kilomita 32 kwa saa, uhesabu sekunde tano kwa sauti watu wote wasikie, uwashe kwa umeme wa betri ukiwa mbali, mita 5 kwa injini za mpaka D na mita 9 kwa kubwa zaidi, na isipowaka unatoa ufunguo wa usalama alafu unasubiri dakika nzima kabla mtu hajaisogelea. Hiyo dakika watoto wanaiona ndefu kama mwaka, lakini mzazi asilegee hapo. Na ndani ya bomba kati ya injini na parashuti kuna karatasi maalumu isiyoshika moto, usiweke tishu ya chooni badala yake, tishu inatoka inaungua inaanguka kwenye majani makavu. Huku Colorado kiangazi kuna vipindi wanapiga marufuku moto wa nje kabisa na sisi tunafungia roketi ndani, hamna mjadala.

Baada ya hapo ndo unaweza kuongeza. Roketi ya hatua mbili ni nzuri sana kufundishia, na mtoto wa pwani yetu unaweza ukamwambia kwamba pale Ngomeni karibu na Malindi, kwenye jukwaa la San Marco lililosimama baharini, Waitaliano walirusha roketi za Scout zenye hatua nne zote za fueli ngumu, na tarehe 12 Disemba 1970 mojawapo ilipeleka angani setilaiti ya Marekani ya kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka kwenye nyota, wakaiita Uhuru kwa sababu ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya. Sio mambo ya Marekani peke yake hayo, yametokea kwetu, na mtoto akiunganisha hatua mbili mezani kwake ajue hilo. Lakini hatua mbili inataka mtu ambaye mapezi yake yameshanyooka, mana ya juu ikiwaka wakati roketi imeinama inaenda ilikoinama. Baadae ndo zije zenye injini tatu kwa pamoja, alafu zile za skeli kama Mercury Redstone, mfano wa roketi ya zamani ya Marekani ya kupeleka watu angani, na Saturn V ije mwisho, kwa mtu aliyejenga za kutosha mpaka anaitamani kazi yenyewe, sio picha.

Kwa mtoto mkubwa wa sekondari anayependa hesabu, kabla ya kununua seti ngumu mpe OpenRocket, ni programu ya bure ya kompyuta, ilitokana na kazi ya mwanafunzi wa Finland aitwaye Sampo Niskanen mwaka 2009, unachora roketi yako inakuonyesha uzito umekaa wapi, hewa inashika wapi, itapanda mita ngapi kwa injini gani. Kanuni ya kawaida ni uzito uwe mbele ya pale hewa inaposhika angalau kwa upana mmoja wa bomba. Asiye na kompyuta anafunga uzi pale roketi yenye injini inapojibalansi, anaizungusha juu ya kichwa kwenye nafasi wazi, ikienda pua mbele iko sawa, ikienda kiubavu au nyuma mbele hairushwi.

Sasa nakuja pale nilipoomba pasikatwe. Ndugu zangu mnaosafiri, injini za roketi hizi haziruhusiwi kwenye ndege ya abiria, sio begi la mkononi, sio begi la kupeleka chini. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani imelisema hilo waziwazi. Ni baruti. Roketi yenyewe ya karatasi, parashuti, fimbo ya kurushia, hivyo vinasafiri bila shida, lakini fungua boksi uangalie kabla hujapanga begi, mana kuna seti zinauzwa na injini humohumo ndani, na viwashio navyo acha. Ukifika nyumbani pia usimwambie mtu akutafutie baruti, kila nchi ina sheria zake za vitu vinavyolipuka na wapo wanaozisimamia, uliza kwao kwanza. Na jambo la mwisho kwenye hilo, mtoto asije akajaribu kutengeneza injini mwenyewe kwa kukwangua vichwa vya njiti za kiberiti. Hizi roketi zilienea kwa sababu hiyohiyo, miaka ya 50 vijana wa Marekani walikuwa wanajaza kemikali kwenye mabomba ya chuma wanalipukiwa, wengine wakapoteza vidole na macho, wakati Orville Carlisle, muuza viatu wa Norfolk kule Nebraska, pamoja na kaka yake Robert walikuwa wameshatengeneza ya karatasi yenye injini inayobadilishwa, alafu Vernon Estes akaunda mashine ya kuzitengeneza kiwandani ambayo waliipa jina la Mabel. Maana yote ni kwamba anayejenga asiiguse baruti kwa mkono.

Kwaiyo mtoto aliyeko Morogoro au Mombasa ambaye injini hana afanye nini na seti yake? Ajenge, aiweke, siku ikipatikana halali na usimamizi atarusha. Lakini kwa sasa mimi naona zawadi nzuri zaidi kwake ni roketi ya maji, na sisemi hivi kwa sababu ni ya bei rahisi, nasema kwa sababu inafundisha yaleyale, mapezi, pua, uzito, parashuti. Inataka chupa ya plastiki ya soda, ya lita moja na nusu, iwe ya soda sio ya maji ya kunywa mana za maji ni nyembamba na hazikutengenezwa kubeba presha, unaweka maji kama theluthi moja, unaziba kwa kizibo cha mpira chenye vali ya tairi la baiskeli, unaisimamisha kichwa chini kwenye stendi, unajaza upepo kwa pampu yenye mpira mrefu. Pampu iwe na mita na mtu mzima asiruhusu kupita PSI 60, watu wakae mbali, chupa iliyokwaruzika au iliyokaa juani muda mrefu itupwe, na hakuna kitu cha kioo wala chuma kinachoruka. Nayo ina ngazi zake kama zile za dukani, kwanza chupa tupu bila kitu ili mtoto aone inavyopinduka hovyo, alafu mapezi matatu, alafu pua yenye udongo kidogo wa mfinyanzi ndani kuongeza uzito wa mbele, alafu parashuti la mfuko wa plastiki, nalo ukilipaka poda ya mtoto kidogo halishikani likikunjwa.

Anayetoka huku basi akileta pampu yenye mita, gundi nzuri, msasa wa namba tofauti na shiti chache za balsa, amemfanyia mtoto jambo kubwa, na begi lake litapita uwanja wa ndege bila kuulizwa.

Mhariri, kama ukurasa wenu wa watoto una nafasi ntatuma mchoro wa pezi la chupa ya lita moja na nusu kwa saizi yake halisi, mtoto ataukata gazetini, ataulaza kwenye mfuniko wa ndoo ya plastiki, kadibodi hapana mana inalowa, atafuatisha kwa kalamu mara tatu na kukata. Mchoro uchapwe bila kupunguzwa ukubwa tafadhali.

Wako,
Mzazi, Aurora, Colorado